Mnyama wa Tano

Siku hizi mnyama yeyote anayeandikwa kwenye fomu ya mradi huwa mali ya shule. Waliotoweka zamani, maabara huwafufua. Binti yangu Tusajigwe alileta fomu yake ya mamalia nikiwa nakaanga maandazi. Niliona tembo mwenye manyoya, nikaweka dole gumba bila kumaliza kusoma.

Leo ndiyo nimesoma. Mnyama wa tano ni Lusajo, mdogo wake wa miezi saba.

“Mwalimu alisema wa mwisho awe anayeishi sasa, mama,” akajitetea.

Nikampigia mwalimu simu. “Futa jina la mwanangu! Huna hata haya?”

“Dole ni lako, Mama Tusajigwe,” alinijibu kwa upole. “Gari la kumchukua limeshatoka. Hebu niambie, huwa ananyonya mara ngapi kwa siku?”