Salamu za Mteja wa Pemba

Siku hizo bidhaa zote za nyumbani ziliuzwa na Soko, mashine iliyowajibu wateja kwa niaba ya kila muuzaji. Tovuti za watu binafsi zilikuwa zimebaki mahame, lakini Bi Sikudhani wa Tanga, mpishi wa achari, hakukubali kuifunga yake. Marehemu mumewe ndiye aliyeitengeneza. Jioni walikuwa wakikaa jikoni wakisoma salamu za wateja, huyu akilalamikia pilipili, yule akimwombea mpishi dua, nao wakicheka mpaka chai ikapoa.

“Mama, tuifunge tu,” alisema binti yake, Mwanakombo. “Nani anaifungua siku hizi?”

“Ifungue wewe, niiage.”

Wakakuta ujumbe mpya wa mteja wao wa zamani, kutoka Pemba: “Soko limeniambia Bi Sikudhani alishafariki. Poleni sana. Nashukuru Soko bado linaniletea achari yake kila mwezi, na ladha ni ileile.”

Bi Sikudhani alikuwa hajauza hata chupa moja tangu mwaka jana. Alidhani watu wamemsahau.

“Mwandikie kwamba nipo,” alisema.

Mwanakombo akaandika, kisha akasita. “Akiliuliza Soko tena, mama, atamwamini nani?”