Mchezo Mmoja wa Bi Kobe

Kambini likizo ile walikuwapo Kidoti mtoto wa Kanga, Tufe mtoto wa Nungunungu, Chapuo mtoto wa Sungura, na mwalimu wao, Bi Kobe. Mchezo wao ulikuwa mmoja: Bi Kobe akirudisha kichwa gambani, kila mtoto huganda.

Siku ya kufunga kambi, alipokuja kumchukua Chapuo, Bwana Sungura alicheka. "Mwezi mzima, bibi, umewafunza kusimama tu? Mwanangu ni wa mbio!"

"Kusimama nako ni kazi, bwana."

Mara kivuli cha tai kikapita. Bi Kobe hakupiga kelele, alirudisha kichwa. Watoto wakaganda kama mawe, hata Chapuo, aliyemwona baba yake akitimka.

Kivuli kilipoondoka, Bi Kobe aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, na wote waliitika. Bwana Sungura alikufa siku hiyo, makuchani mwa tai.