Sheria ya Sikio

Enzi za Mwalimu Nyani, mtoto hakuandikishwa shule mpaka apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Kobe, na vijikono vyake, hakufika hata shavuni. Akajifunzia nje, chini ya dirisha, hadi Nyani alipomwona akalifunga. Mpaka leo Kobe akisikia watoto wakiimba "ba, be, bi," moyo wake hulainika.

Baraza la wanyama lilikuja kuifuta sheria ile, Kobe akaingia shule, hata akawa mwalimu. Siku moja Nyani, sasa mzee, alimleta mjukuu wake aliyepooza mkono.

"Mwalimu, huyu hawezi kushika sikio," alinong'ona.

"Ingia darasani, mjukuu wangu," Kobe akasema.

"Nami nimsubiri wapi?"

"Chini ya dirisha, Mzee. Napajua, pana kivuli kizuri. Na usihofu, mimi silifungi."