Miche Mirefu ya Pelele

Pelele alikuza miche ya michungwa katika viriba, vile vifuko vya udongo vya kuoteshea, na alipenda sifa kuliko kazi. Jirani yake Fuko alikuwa na miche mifupi. Kila mizizi ilipogusa kitako cha kiriba, Fuko aliuhamishia mche kwenye kiriba kikubwa zaidi. Pelele hakuhamisha hata mmoja. Aliiacha humo humo miaka mitatu, ikarefuka mpaka wapita njia wakawa wanasimama kuitazama.

Siku moja akaja Nungunungu, mjane ambaye shamba lake la kwanza la michungwa lilikuwa limekauka lote. Alitaka miche thelathini.

"Chagua, mama," Pelele alisema. "Ile ya Fuko utaikanyaga bila kuiona."

Nungunungu hakuangalia majani. Alichomoa mwiba mgongoni, akapasua kiriba cha mche mrefu kuliko yote. Mizizi ilikuwa imejizungusha humo ndani ikajikaba yenyewe.

"Miche kama hii ndiyo niliyopanda mwanzo," alisema taratibu. "Ilikuwa mizuri hivi hivi."

Akavuka kwa Fuko.

Pelele alichukua kisu, akapasua viriba vyote kimoja kimoja, akitumaini kupata hata mche mmoja uliosalimika. Hakuupata. Kesho yake alikwenda kusimama mlangoni kwa Fuko, macho chini.

"Jirani, nifundishe kuhamisha miche."

"Miche ipi?" Fuko aliuliza.

Pelele aligeuka kutazama viriba vyake vilivyopasuliwa. Fuko aliingia ndani, akatoka na mbegu za michungwa kiganjani, akampa.