Neno Moja Kabla ya Ijumaa

Pete iligonga mlango mara tatu, polepole, na Waceke akawa tayari yuko chini ya kitanda.

"Toka, mama, ni Mwalimu tu," Nakhumicha alimwambia huku amepiga magoti sakafuni. Mtoto hakutoka, wala hakujibu. Tangu aletwe, wiki tatu zilizopita, hakuwa amemjibu mtu yeyote.

Shule ilikuwa upande wa Karen, kwenye mazizi ya farasi aliyoyaacha mzungu mmoja. Vitanda ishirini na viwili, watoto ishirini na wawili wasioona, na mlezi mmoja wa bweni, Nakhumicha, aliyetoka Bungoma akidhani anakuja kufua shuka tu. Sheria ya kwanza aliyofundishwa ilitungwa na Mwalimu Mkuu Kihara mwenyewe: kumjia kipofu kimya ni kumvamia. Kila mtu mzima ajitangaze kwa mlio wake kabla hajasogea. Nakhumicha alipiga makofi mawili. Mwololo, bawabu, alitikisa funguo. Mwalimu aligonga kwa pete yake ya ndoa chochote kilichokuwa karibu, mlango, dawati, hata sahani, na watoto wakaukimbilia mlio ule kama vifaranga. Wote isipokuwa huyu mmoja.

Na uchungu ni kwamba huyu ndiye ambaye Mwalimu alimhangaikia kuliko wote. Aprili ile ya hamsini na nne, askari wa mkoloni walipowazoa wanaume wa Kikuyu mjini kwa malori, Mwalimu alirudi kutoka mjini na homa. Siku tatu hakula. Alipoinuka tu akasema kuna mtoto kipofu wa River Road ambaye baba yake amechukuliwa, hana mtu. Akaenda mwenyewe kumtafuta, akamkuta katika stoo ya kanisa, akambeba mgongoni kutoka barabara kuu mpaka bwenini. Nakhumicha alilia siku ile. Wanaume wa namna hiyo si wengi.

Tangu hapo kila asubuhi Mwalimu alimwuliza swali lile lile.

"Amesema?"

"Bado, Mwalimu."

Naye alikuwa akishusha pumzi na kwenda zake. Macho yake yalikuwa yakizidi kuingia ndani.

"Huyo mtoto ameona kitu," Mwololo alimwambia Nakhumicha getini.

"Ameona na macho gani, wewe?"

"Cheka tu, mama. Wale watoto wengine wanasema Mwalimu akiingia bweni, anaingia na mtu wa pili. Mimi nikisikia hiyo maneno, nywele inasimama."

Nakhumicha alimwambia aache upuuzi. Lakini tangu siku hiyo naye akajikuta anachungulia nyuma ya Mwalimu kila alipoingia.

Kisha ikaja barua ya kamati ya shule. Mtoto asiyesema hafundishiki, si nukta nundu za kusoma kwa vidole, si kitu kingine chochote. Kamati ingefika Ijumaa, na ikimkuta bado bubu, angeondolewa apelekwe hospitali ya wendawazimu. Miaka minane, haoni, na hana mtu wa kumuulizia huko! Nakhumicha alikosa usingizi. Alimbembeleza kwa uji wenye sukari ya ziada, akamwimbia nyimbo zote za kwao, akamwomba aseme neno moja tu, hata tusi. Mtoto alimeza uji, basi.

Ijumaa asubuhi alikuwa akimchana nywele kitandani waliposikia motokaa ikiingia getini. Hapo akaacha kuomba, akasema tu lililokuwa moyoni.

"Mimi najua kwa nini unaogopa mlango ikigongwa. Unafikiri ni askari wamerudi. Lakini mama, askari hawagongi pole pole hivyo."

"Askari hawakugonga," Waceke akasema. "Walivunja na mguu."

Kitana kikamwanguka Nakhumicha. Sauti ilikuwa kavu, kama ya bibi kizee, lakini ilikuwa sauti! Alitaka kukimbia uani apige vigelegele: amesema, atakaa, hakuna wa kumchukua tena. Akajizuia, asije akamshtua.

"Walitupanga laini," mtoto akaendelea. "Watu walisema mbele kuna meza, na kuna mtu ameketi amevaa gunia kichwa yote, tundu ya macho tu. Hasemi. Akitikisa kichwa, unapandishwa lori."

"Pole, mwanangu. Lakini wewe huoni, na yeye hasemi. Ungemjuaje?"

"Baba aliniweka mbele yake. Nilikuwa karibu kujigonga kwa hiyo meza. Huyo mtu akaona mimi sioni." Waceke alinyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata ubao wa kitanda. "Akanigongea na kitu ya chuma, ndio nijue hapo kuna mtu. Nikasimama. Halafu mkono ya baba ikatoka kwa yangu."

Nakhumicha akamvuta karibu.

"Aligonga hivi," mtoto akasema, akainua kidole.

Kabla kidole hakijagusa ubao, mlio ukatoka mlangoni. Mara tatu, polepole.

"Mama Nakhumicha, kamati imefika," Mwalimu Kihara akasema kutoka nje. "Amesema?"

Nakhumicha, aliyemwomba mtoto yule aseme kwa wiki tatu nzima, akamziba mdomo kwa kiganja.