Chuma na Mfungo

Chuma kimekwama kifuani pangu, hakipandi tena.

Ni chuma chetu cha Kaloleni, bomba lenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji kila upande. Makopo hayachomoki. Nikikiinamisha, kitaniviringikia shingoni.

Nimelala chali kwenye benchi, peke yangu uani, nyuma ya ukumbi wa kanisa. Kanisa letu limefunga kula tangu Jumatatu, na leo ni Jumatano. Niliona aibu kuvunja mfungo, nikaona aibu pia kuwaambia vijana wa mazoezi, kabla hawajaondoka, kwamba mzee wa miaka sitini na moja anapumzika. Mjinga mimi!

Jasho linalonitoka ni la baridi. Kila nikitoa pumzi, bomba linashuka kidogo na kubaki hapo.

Ng'ambo ya ukuta waumini wanaimba. Nangoja wanyamaze, maana pumzi iliyobaki ni ya kupiga ukelele mmoja tu.

Wimbo unaisha. Nafungua kinywa, na kinachonitoka ni kile nilichozoea tangu utotoni:

"Yesu, nisaidie!"

"Amina!" anaitikia mke wangu kutoka ukumbini, kwa furaha, na wenzake wote wanaitikia naye.

Kisha ngoma zinaanza.