Saa Sita Hadi Saa Saba

Jerop alikuwa amekunywa chupa tatu za maji tangu basi litoke Eldoret, na bado alikataa kwenda msalani.

"Enda tu, utaumia bure," mumewe, Amos, alimwambia.

"Nangojea hao watu."

Amos alicheka, akasogeza glasi yake iongezwe.

Walikuwa kwenye shamba la mizabibu ng'ambo ya mji mdogo wa Plateau, kikundi cha watu wa mjini waliokuja kuonja mvinyo na kula chakula cha mchana. Cate, binti mchangamfu aliyekuwa akiwatembeza, aliwafundisha kuzungusha glasi, kunusa, kusukutua kinywa, kisha kutema kwenye ndoo ndogo iliyokuwa katikati ya meza. Hakuna aliyetema. Mtu alipie safari halafu mvinyo unywewe na ndoo? Mwalimu Wabuge, aliyeketi mkabala na Jerop, alimeza wa kwanza, akameza wa pili, akauliza kama kuna sukari.

"Na wewe, madam, huonji?" Cate alimuuliza Jerop.

"Mwache huyo," Wabuge alidakia. "Huyu ni Jerop wetu wa marathon. Hawa hawaguzi vitu kama hivi."

Jerop alitabasamu kwa adabu, macho yakiwa langoni. Mkimbiaji wa kiwango chake hujaza kwenye simu, kila siku, mahali atakapopatikana kwa saa moja, ili watu wa kupima mkojo kutafuta dawa zilizokatazwa wakija wamkute. Saa yake ilikuwa saa sita hadi saa saba mchana. Wakimkosa mara tatu katika mwaka mmoja anafungiwa kukimbia, hata kama hajawahi kumeza kitu. Na tayari walikuwa wamemkosa mara mbili. Ya kwanza alikuwa hospitalini akimuuguza mama yake. Ya pili Amos alisahau kubadilisha kwenye simu. Jerop alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Akifungiwa sasa, ndiyo basi. Marathon ya Desemba aliyoitafuta tangu akiwa msichana ingekimbiwa na mwingine, naye angebaki kuitazama kwenye televisheni.

Kupimwa kwenyewe hakukumtisha hata kidogo. Alikuwa hamezi hata dawa ya kichwa kabla Amos hajaikagua, na vitamini za kila asubuhi Amos ndiye aliyempa. Amos ndiye alikuwa kocha, ndiye meneja, ndiye mwenye kushika simu. Tangu waoane, kazi ya Jerop ilikuwa kukimbia, mengine yote akamwachia mumewe. Wake wengi wakimbiaji wa huko huishi hivyo, na wenzao huwaonea wivu.

Hata safari hii Amos ndiye aliyeichagua, siku na saa. "Siku moja tu upumzike," alimwambia, na Jerop nusura alie kwa furaha.

"Amos, una hakika uliandika tuko hapa?"

"Niliandika jana. Umeniuliza mara ngapi?"

"Basi nionyeshe."

"Huku hakuna network. Tulia, Jerop. Leo ni siku yako."

Chakula kililetwa: mbuzi wa kuchoma, ugali na mboga za managu. Cate alikuwa akieleza kwa nini mvinyo mwekundu unapendana na nyama wakati gari jeupe lilipoingia langoni. Walishuka mwanamume na mwanamke, na mwanamke amebeba boksi kwa mikono miwili.

Wapimaji huja wawili, na kwa mkimbiaji wa kike hakosi mwanamke. Jerop aliinuka kwa nguvu hata kiti kikaanguka.

"Wamefika! Asante Yesu, wamefika!"

Aliwakimbilia, mkono ameunyoosha. "Ni mimi Jerop. Niko tayari. Twende tu."

Yule mwanamke alimwangalia, akamwangalia mwenzake, kisha akafunua boksi polepole. Ilikuwa keki. Mke wa Mwalimu Wabuge alikuwa anatimiza miaka hamsini.

Watu walicheka, wala si kwa ubaya. Jerop alirudi mezani akicheka nao, machozi yakimlengalenga. Amos hakucheka. Alichungulia simu yake chini ya meza, akairudisha mfukoni, akaomba glasi nyingine.

Saa saba ikafika, ikapita. Hakuna gari jingine lililoingia. Jerop alianza kujipa moyo: siku nyingi hao watu huwa hawaji kabisa, na huenda leo ilikuwa moja ya siku hizo. Alikwenda msalani hatimaye. Aliporudi, wote walikuwa wamesimama wakiimba na kupiga makofi, Amos miongoni mwao, na simu yake, aliyokuwa ameiacha juu ya meza, ilikuwa inatetemeka. Jerop aliichukua.

Alikuwa Okeyo, mlinzi wa nyumbani kwao Eldoret.

"Mama, pole. Wale watu wa doping walikuwa hapa, mzee mmoja na madam. Wamekaa kwa gate hiyo saa yote. Wamepiga hii simu mpaka wakachoka, hamshiki. Sasa wameandika vitu zao wakaenda."

Wimbo uliisha. Keki ikaanza kukatwa. Jerop alimvuta mumewe mkono hadi pembeni, karibu na mapipa ya mvinyo, akamwambia alichosikia.

"Ulisema uliandika, Amos. Uliniapia. Sasa ni mara ya tatu, unajua? Nimekwisha."

Amos hakushtuka. Alimaliza mvinyo uliobaki kwenye glasi, akajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Wakikukosa, wanakufungia miaka miwili," alisema. "Wangekupima leo, ingekuwa minne."